Rimu mpya nimezificha kwa rafiki, mke wangu hajui

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, huu ni mwaka wa 17 naishi Michigan, Marekani. Naendesha lori. Nimeoa huku huku, mke wangu ni Mmarekani, tuna kijana wa miaka 16 na binti wa 11. Watanzania wenzangu hapa nikiwagusia habari hii wanacheka, eti mtu mzima analalamika juu ya rimu za gari. Ni kweli ni rimu. Lakini mwezi wa pili huu silali vizuri.

Baba mkwe wangu alifariki miaka miwili iliyopita. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha Dodge pale Hamtramck, kile kilichoitwa Dodge Main, kuanzia 1967 hadi kilipofungwa Januari 1980. Mwaka 1969 alinunua Dodge Charger ya mwaka huo huo, iliyounganishwa hapo hapo kwao. Kwenye namba ya chasisi herufi ya saba ni B, ndiyo alama ya Hamtramck, na mzee alikuwa anamwonyesha mgeni herufi hiyo kabla hata ya kumkaribisha kiti. Injini ni V8 ya inchi za ujazo 383, rangi kijani iliyokoza. Ni yale Wamarekani wanayoyaita magari ya misuli: umbo la gari la mtu wa kawaida, ila ukiwasha, vikombe kabatini vinagongana.

Wiki chache kabla hajafa aliniita mezani jikoni, akanisukumia ufunguo. Akasema, "Usiliache likae." Basi. Nikaelewa kwamba ameniachia amana, na kwamba nilitunze kama nilivyolikuta.

Sasa rimu. Zilizopo ni Cragar S/S za inchi 15, za kromu, alizinunua mwaka 1973 kwa hela ya ovataimu, akatupa pembeni rimu za chuma zilizokuja na gari. Leo kromu imetoka vipele, kutu inachungulia ukingoni, na gurudumu la nyuma kulia linavuja upepo, kila Jumamosi najaza. Matairi yanaonekana mazima, meno yapo. Ubavuni yameandikwa 3209.

Mimi tangu nilipoanza kuliendesha gari hili nimekuwa nikiliona akilini na rimu nyingine. Spoku tano nene, katikati kijivu, ukingo uking'aa, inchi 18. Nimeziota. Wiki tano zilizopita nikazinunua, kipenyo inchi 18 kwa upana 8, ofseti sifuri (uso unaokaa kwenye habu, pale gurudumu linapofungwa, uko katikati kabisa ya upana wa rimu), pamoja na matairi ya 245/45, dola 2,600. Fedha ni ya safari zangu za ziada, sikugusa ya nyumbani. Nilifuata jedwali la muuzaji. Ziko kwenye maboksi, zimefichwa chini ya nyumba ya rafiki yangu mmoja Mkongomani wa Bukavu, na mke wake ameshaanza kuuliza zitaondoka lini. Risiti inasema rimu ambazo hazijafungwa tairi zinarudishwa ndani ya siku 60.

Kilichonifanya nifiche ni mambo ya Mei. Siku hiyo mke wangu alikuwa kazini, nikasema nifungue magurudumu nipime nafasi. Nikaanza upande wa dereva. Nati ya kwanza ikagoma. Nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana kuongeza urefu, kijana wangu akaja kunisaidia, tukakandamiza wote wawili. Paa! Nikadhani nati imeachia. Kumbe stadi, ile boliti inayoshika nati, imekatika, nati ikadondoka na kipande chake. Tukasema ni kutu. Tukaenda ya pili: paa. Hapo ndipo nilipompigia simu fundi, akacheka sana, akaniambia Chrysler wa enzi hizo upande wa kushoto waliweka nati za kinyume, unafungua kwa kuzungusha kama unayekaza. Kumbe muda wote tulikuwa tunakaza.

Mke wangu akarudi akakuta gari la baba yake liko juu ya jeki na vipande viwili vya chuma sakafuni. Akalia. Akasema, "Unalivunja la baba." Nikamwambia nilikuwa naangalia breki. Fundi alikuja akaweka stadi mpya mbili, tukafunga, sijalifungua tena mpaka leo. Wiki ile mke wangu alisema mara moja tu, bila hasira: rimu za baba zisiguswe.

Mama mkwe wangu naye, kila Jumapili akitoka kanisani anapita gereji, anachukua kitambaa anafuta zile kapi, vifuniko vya katikati ya rimu. Hasemi kitu. Kijana wangu anataka inchi 20 nyeusi tii, hizi za babu anaziita za kizee. Kaka yangu mkubwa yuko Dar, yeye ananiambia niuze gari lote nikamalizie nyumba Tanga, imekaa kwenye linta tangu 2019. Tena akanichekesha: matundu ya Mark X yake ni yale yale ya Charger, matano kwenye duara la milimita 114.3, kwa hiyo anitumie za kwake, nimpelekee hizo mpya.

Jumamosi ya tatu ya Agosti kuna Woodward Dream Cruise, magari ya kale yanamiminika barabara ya Woodward siku nzima. Mzee hakuikosa tangu ilipoanza 1995. Mwaka jana hatukwenda, hakuna aliyekuwa na moyo. Mwaka huu nataka twende.

Nifunge rimu nilizozipenda, au nibaki na za marehemu? Na mke wangu nitamwambiaje?

Mkwe, Michigan

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na nitakueleza kwa nini. Marehemu mume wangu alikuwa fundi pale Gerezani, Dar es Salaam, miaka 22. Nimelea watoto katikati ya maboksi ya spea. Mara ya kwanza nilisoma kama mshauri, nikamwona mtu aliyebanwa kati ya mke, mkwe, mwana na kaka, kila mmoja akiwa na gari lake kichwani. Mara ya pili nikasoma kama mke wa fundi, na huyo ndiye aliyeshtuka. Matairi 3209!

Ngoja tulimalize hilo kwanza, maana hilo halingoji kikao. Tarakimu hizo nne maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2009. Raba inazeeka hata gari likiwa limelala chini ya turubai. Meno yanabaki marefu, ndani tabaka zinaachana, na tairi la namna hiyo likikolea joto kwenye barabara kubwa linaweza kubanduka ngozi yote kwa mara moja. Wewe ni dereva wa lori, umeona maganda ya matairi kando ya barabara. Hapo huhitaji ruhusa ya mtu, hai wala marehemu. Ukibaki na rimu za mzee, matairi yanabadilika. Ukifunga mpya, yanabadilika. Naona humo mna mlango mdogo wa mazungumzo na mkeo ambao bado hujaugusa: jambo ambalo nyote wawili mtakubaliana kabla hamjafika kwenye lile msilokubaliana.

Sasa turudi kwenye swali lako. Unauliza rimu zipi. Lakini ulivyoandika, naona umeshajihukumu kwamba ukifunga zile za spoku tano umevunja amana, na ukibaki na za kromu umejinyima kitu unachokipenda ili watu wasilie. Kabla hatujafika huko naomba niulize mawili matatu, na usiyachukue kama majibu.

La kwanza, amana yenyewe. Umeandika kwamba ulielewa ulitunze gari kama ulivyolikuta. Nimeitafuta sentensi hiyo kwenye kinywa cha mzee, sijaiona. Maneno yake yalikuwa mawili: usiliache likae. Nayasikia mimi kama maneno ya mtu anayeogopa gari lake ligeuke kabati. Inawezekana alimaanisha zaidi, wewe ulikuwepo mezani, mimi sikuwepo. Halafu tazama alichofanya mwenyewe. Kijana anafanya kazi kiwandani, gari limetoka mikononi mwa wenzake, na baada ya miaka minne anang'oa rimu za kiwanda chake mwenyewe, anaweka za kromu alizozitamani. Hela ya ovataimu. Wewe umenunua kwa hela ya safari za ziada. Sijui kama umeliona hilo ulipokuwa unaliandika.

Lakini usikimbie na aya hiyo ukamsomee mkeo kama hakimu. Kwa sababu upande wake upo, nao ni mzito. Kwa kiwanda, rimu za asili ni zile za chuma zilizotupwa 1973. Kwa mtoto wa kike aliyezaliwa baadaye, akasimama na baba yake kwenye mlango wa gereji, rimu za asili ni hizo Cragar, hakuna nyingine. Akiona gari linakuja kutoka mbali, kinachomwambia "baba huyo" ni mng'ao wa aina hiyo. Ukimwambia si za asili, utakuwa umesema kweli na hutakuwa umemjibu.

La pili: una hakika alilia kwa sababu ya rimu? Siku ile hakuna rimu mpya aliyoiona. Aliona gari la baba liko juu ya jeki, chuma kimekatika, mume na mwana wamesimama hawana la kusema, na akapewa habari ya breki ambayo hata mimi niliye mbali naisikia haikai sawa. Nadhani, na ni kudhani tu, kwamba "zisiguswe" yake ilitoka kwenye siku hiyo kuliko kwenye kromu. Mtu aliyefiwa akikuta kitu kimevunjika kwa siri, ataweka uzio kwa kila kilichobaki.

Na mama mkwe, je? Umemwona anafuta kapi, ukahitimisha. Hujamuuliza. Huenda anazungumza na mumewe pale. Huenda pia ni mazoea ya miaka 50 na alikuwa anazilaani kila wiki kwa kushika vumbi. Nimefuta vitu vingi vya mume wangu ambavyo sikuvipenda hata siku moja. Muulize zilifikaje nyumbani, siku ya kwanza mzee alipozifunga alisemaje. Mwache asimulie. Hiyo hadithi mkeo naye pengine hajaisikia yote.

Haya, sasa tushike spana kidogo, maana kuna jambo umelipita haraka. Siku uliyotaka kupima, stadi zilikatika. Hujafungua tena. Halafu ukanunua kwa jedwali la muuzaji. Kwa maneno mengine, mwanangu, hakuna aliyepima. Umekaa wiki tano ukijitesa kuhusu rimu ambazo hujui kama zinaingia.

Nilimpelekea barua yako kijana mmoja aliyefundishwa kazi na mume wangu, bila jina, na yeye sasa anauza matairi na spoti rimu. Alianza na kaka yako. Ni kweli matundu yanalingana. Inchi nne na nusu za Dodge ndizo milimita 114.3 za Mark X, hesabu ni hiyo hiyo. Lakini matundu ni nusu ya habari. Rimu ya Mark X ina ofseti kubwa ya chanya, kwenye 45 hivi, yaani uso unaokaa kwenye habu uko mbali kuelekea nje. Ukiivisha Charger, gurudumu zima litazama ndani karibu sentimeta nne na nusu kuliko hizo zako, likatafute springi za nyuma, zile za vyuma bapa vilivyopangwa. Kwa hiyo mwambie kaka abaki na zake.

Za kwako ni ofseti sifuri. Upana wa inchi 8 unapimwa pale tairi linapokaa, ukiongeza mdomo wa kila upande unapata kama inchi 9 kwa jumla, na uso wa habu uko katikati kabisa: inchi nne na nusu kwenda ndani, nne na nusu kwenda nje. Hizo ndizo namba za kwenda nazo chini ya gari. Gurudumu likiwa limetoka, weka rula kwenye uso wa dramu, pima hadi springi upande wa ndani, pima hadi ukingo wa madigadi upande wa nje, na ukumbuke tairi linatuna kidogo kupita rimu. Mbele kuna kazi zaidi, kwa sababu magurudumu yanakata kona: gari likiwa na uzito wake chini, usukani uzungushwe mpaka mwisho kulia na mwisho kushoto. Rimu tupu unaweza kuijaribisha bila tairi, na nati za kushika kwa mkono tu, lakini mpigie muuzaji kwanza umuulize kama hilo linaharibu haki yako ya kurudisha.

Alisema na mengine. Tairi la 245/45 kwenye inchi 18 lina ubavu wa sentimeta 11. Tairi la 235/60 kwenye inchi 15 lina 14. Barabara za kwenu, baridi ikishaipasua lami, mashimo yanabaki mpaka kiangazi, na hizo sentimeta tatu ndizo zinazoamua kama shimo limekula raba au limekula rimu. Kwa upande mwingine, ukitaka tairi la kisasa linaloshika barabara kweli kweli, inchi 17 na 18 ndizo zenye chaguo. Kwenye 15 utapata matairi mazuri ya kutembelea, yale ya herufi nyeupe ubavuni, ila ya mwendo wa kasi ni ya kutafuta. Kipenyo hakitofautiani sana, maili 60 ya dashibodi itakuwa kama 61 barabarani. Na akaniuliza breki zako ni za namna gani. Nikamwambia hukusema. Kama mbele bado ni dramu za zamani, nyuma ya spoku tano za inchi 18 zitaonekana kama sufuria ya chai kwenye jiko la pilau. Hilo halimuui mtu, lakini wewe umeziota rimu hizi. Ni vizuri uione picha yote kabla ya kuamka.

Na hizi za mzee, je? Zinafaa kuangaliwa na mtu anayejua kabla hujaamua kuzibakiza kwa heshima. Kuvuja huko huenda ni kutu tu pale tairi linapokalia, inasuguliwa inakwisha. Huenda pia ni ufa. Kuzipiga kromu upya si kazi nyepesi, kwa sababu ukingo ni chuma na katikati ni alumini, na metali hizo haziandaliwi kwa njia moja. Lakini mtindo huo huo bado unatengenezwa mpaka leo, unaweza kununua mpya za inchi 15 zenye sura ile ile. Kuna watu kwa shida kama yako hufanya hivyo. Hatari yake ni moja, ukimfungia mkeo kimyakimya akadhani ni za baba, halafu siku moja akagundua. Hapo utakuwa umeongeza boksi la tano kwenye yale manne.

Wengine hukaa na seti mbili. Za spoku tano za kuendeshea, za kromu za siku ya Woodward, au kinyume chake. Mimi napenda kwamba rimu ni kitu kinachofunguka. Hukati bati, hupaki rangi, saa moja tu na gari linarudi lilivyokuwa. Ila sitakuficha kwamba seti mbili zinaweza pia kuwa njia ya kukwepa kuongea, kila mtu anapewa chake na hakuna aliyeulizwa. Na seti ya pili inakaa wapi? Ukiitundika ya mzee ukutani, mama mkwe anaweza kuiona kama picha nzuri, anaweza kuiona kama maziko ya pili. Kurudisha nako ni chaguo, si kushindwa. Utapata fedha yako, utabaki na hamu yako, na hamu hiyo ikikaa bila kusemwa inaweza kuja kutokea mahali pengine, siku ya ugomvi wa jambo jingine kabisa.

Kijana wako na inchi 20 zake nyeusi sitamwongelea sana. Ila alikandamiza lile bomba pamoja na wewe, na siku ile alisikia uongo wa breki. Anajua. Anakutazama utafanyaje.

Kaka yako naye ana hoja yake, na nadhani unaichukulia kwa kicheko kwa sababu inauma. Dola 2,600 hazitainua nyumba kutoka linta hadi paa. Yeye anaongelea gari zima. Kabla ya kuongea habari ya kuuza na mtu yeyote, kadi ya gari ina jina la nani? Ufunguo ulipewa wewe mezani. Kama kwenye karatasi gari ni la mkeo au la mama yake, basi mengi ya barua hii yanabadilika, na swali la rimu linakuwa ni la kuomba kuliko la kuamua.

Unaniuliza umwambieje. Hofu yako naiona: ukisema, anaweza kusema zirudi, na ndoto imeishia hapo. Inawezekana. Usiposema, hesabu ni hii. Ulipoandika zilikuwa zimepita wiki tano, zimebaki siku 25. Barua imenifikia baada ya siku sita. Zimebaki 19. Mke wa rafiki yako ameshaanza kuuliza, na wanawake wa Bukavu na wanawake wa Michigan wanakutana kwenye sherehe za watoto kama kawaida. Akizisikia huko, hamtakuwa mnaongelea rimu tena.

Mimi ningeanza na matairi, kisha ile siku ya Mei kama ilivyokuwa, na bomba na kicheko cha fundi, halafu maboksi. Kitu kama: "Siku ile nilikudanganya. Sikuwa naangalia breki, nilikuwa napima, kwa sababu kuna rimu nimezitamani tangu baba yako aliponipa ufunguo. Nimezinunua, ziko kwa fulani, zinaweza kurudi. Sijafunga na sitafunga kabla hatujaongea. Nataka twende Woodward mwaka huu, na nataka unieleze wewe unaliona gari hili vipi." Utabadilisha kwa lugha yenu. Kisha unyamaze, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Usimwonyeshe picha za rimu siku hiyo hiyo. Anaweza kukasirika kuhusu siri na asiwe na neno kuhusu rimu. Anaweza kushangaa kwamba baba yake alitupa za kiwanda. Anaweza pia kusema hapana, na utajua ni hapana ya mtu aliyeelezwa.

Na naomba umwambie kabla ya kupima, usije ukapima kwanza. Kupima kunataka jeki, na sitaki akukute tena chini ya gari la baba yake pamoja na maelezo.

Ukifika huko kupima, kuna la kuangalia ambalo limenikaa kichwani tangu nilipoisoma barua. Yule fundi aliyeweka stadi mpya mbili, aliweka za kinyume kama za mwanzo, au aliweka za kawaida? Kama ni za kawaida, habu hiyo sasa ina tatu zinazofunguka huku na mbili zinazofunguka kule, na siku mkeo akipata pancha njiani atafanya kile kile mlichofanya ninyi. Bora zote tano ziwe za aina moja, na kama ni za kinyume, nati za rimu mpya lazima nazo ziwe za kinyume, za koni; zile ndefu zenye washa za Cragar hazihamishiki. Rimu zozote mtakazofunga, kazeni upya baada ya maili 50 hivi.

Mkeo akikubali, siku ya kulipandisha jekini awepo na yeye, hata kama ni kushika taa tu. Na kijana mwonyeshe ile herufi L iliyogongwa kwenye ncha ya stadi, aiguse kwa kidole, kabla hujamkabidhi spana.

Mama Mshauri